Mchambuzi wa mifumo na mprogramu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi kabisa, tofauti yao ni nini?

Mchambuzi anaulizwa mfumo ufanye nini, umfanyie nani, na kwa masharti gani. Mprogramu anaulizwa ufanyeje hivyo bila kukosea na bila kulemewa watumiaji wakiongezeka. Jibu hilo ni sahihi, ila halimsaidii sana anayetaka kuchagua kazi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: siku mfumo ukiharibu mambo, kosa lipi litaletwa mezani kwako? Programu ikishindwa kufanya kilichoandikwa kwenye mahitaji, ataitwa mprogramu. Programu ikifanya kilichoandikwa neno kwa neno na bado ofisi nzima inalalamika, ataitwa mchambuzi. Mambo ya vyeo, vyeti na lugha za kompyuta yanakuja baada ya hapo.

Naomba mfano wa kazi moja inayopita mikononi mwa wote wawili.

Tuchukue sentensi moja ya meneja wa kampuni ya usafiri: "Abiria akighairi tiketi mapema, arudishiwe nauli yake." Meneja anaona amemaliza. Mchambuzi ndiyo kwanza anaanza.

"Mapema" ni lini? Akijibiwa kuwa ni saa 24 kabla ya safari, anauliza tena: kwa saa za wapi? Abiria yuko nchi moja, safari inaanzia nchi nyingine yenye saa tofauti, na seva iko bara la tatu. Anarudishiwa nauli yote au kuna makato? Aliyenunua tiketi ya kwenda na kurudi, akaitumia ya kwenda peke yake, anastahili kiasi gani? Tiketi iliyolipiwa na mwajiri, fedha zirudi kwa mwajiri au kwa abiria? Na kampuni yenyewe ikifuta safari, kanuni ni ileile? Hilo la mwisho mara nyingi humnyamazisha meneja, kisha anasema: "Ngoja niwaulize watu wa uhasibu." Hapo mchambuzi ameshahalalisha mshahara wake wa siku hiyo.

Baada ya vikao viwili vitatu, sentensi ya meneja inageuka kuwa kitu cha namna hii: "Ikiwa abiria ana tiketi ambayo haijatumika, na zimebaki saa 24 au zaidi kabla ya kuondoka kwa saa za kituo cha kuanzia, basi akighairi arudishiwe asilimia 90 ya nauli kupitia njia ileile aliyolipia." Karibu kila kipande cha sentensi hiyo kilibishaniwa na mtu fulani kabla hakijaandikwa.

Mprogramu anapoipokea, maswali yake ni ya aina nyingine kabisa. Mtandao ukisuasua na abiria akabonyeza "ghairi" mara mbili, atarudishiwa fedha mara mbili? Wafanyakazi wawili wakifungua tiketi ileile kwa wakati mmoja, nani ashinde? Benki ikichelewa kujibu, tiketi ihesabiwe imeghairiwa au bado? Kisha kuna fedha zenyewe. Atazihifadhi kama namba nzima za senti, kwa sababu katika lugha nyingi za programu, 0.1 ukijumlisha na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida unapata 0.30000000000000004. Tofauti hiyo haionekani kwenye tiketi moja. Ikijirudia kwenye miamala mingi, ndipo mhasibu anaposhangaa hesabu za mwezi zinakataa kufunga. Meneja haulizwi mambo hayo, na mchambuzi anaweza kufanya kazi yake vizuri bila kuyajua.

Halafu yapo maswali yanayozaliwa katikati. Mprogramu akiwa ndani ya msimbo, yaani maagizo anayoiandikia kompyuta, anagundua kuwa benki inaweza kukataa kabisa, labda kwa sababu kadi iliyolipia imeshafungwa. Sharti la "njia ileile aliyolipia" limekwama. Hapaswi kujiamulia kimyakimya. Anamrudia mchambuzi, mchambuzi anarudi kwa wenye biashara, na kanuni mpya inaandikwa. Timu ambayo watu hawa wawili hawasemezani utaitambua hapo: mprogramu alibuni jibu lake mwenyewe, na hakuna aliyejua hadi mteja alipolalamika.

Basi mchambuzi ni msanifu na mprogramu ni fundi mwashi?

Mfano huo unapendwa sana, nami siukubali. Unamfanya mprogramu aonekane mtu wa kupanga matofali kwenye ramani iliyokamilika. Ukweli ni kwamba mprogramu anasanifu tangu asubuhi hadi jioni: data ikae kwenye majedwali mangapi, kazi ipi ifanyike papo hapo na ipi isubiri, hitilafu ikitokea mfumo ujirudieje. Uamuzi huo haumo kwenye waraka wa mchambuzi, na haukupaswa kuwamo.

Mgawanyo huu ulianzia wapi?

Ulianza pamoja na kompyuta zenyewe. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliyoonyeshwa hadharani Marekani mwaka 1946, iliandaliwa hesabu zake na wanawake sita waliopanga nyaya na swichi kwa kusoma michoro ya mashine. Waliielewa hesabu na waliielewa mashine. Wao ndio walikuwa wachambuzi na ndio walikuwa waprogramu. Mwaka 1947 na 1948, wanahisabati Herman Goldstine na John von Neumann walichapisha taarifa zilizotenganisha hatua ya kupanga tatizo kwa michoro ya mtiririko na hatua ya kuligeuza liwe msimbo. Matumaini ya wengi wakati huo yalikuwa kwamba hatua ya pili itakuwa kazi ya ukarani tu. Haikuwa hivyo, na bado haijawa.

Kwa upande wa ofisi, mfano wa kukumbukwa ni kampuni ya Lyons ya Uingereza, iliyokuwa na migahawa ya chai na viwanda vya mikate. Ilijijengea kompyuta yake, LEO, na Novemba 1951 ikaanza kuitumia kwa hesabu za kawaida za idara ya mikate. Kilichoibeba kazi ile hakikuwa mashine peke yake. Kampuni tayari ilikuwa na ofisi ya kuchunguza taratibu za kazi, na David Caminer aliyetoka huko ndiye aliyesimamia namna kazi za ofisi zilivyochambuliwa kabla ya kuandikiwa programu. Watu waliojua karatasi zinavyotembea ofisini waliwatangulia walioandika maagizo ya mashine.

Baadaye mashirika makubwa yakaugeuza mgawanyo huo kuwa ukuta: mchambuzi anaandika waraka mnene, anaukabidhi, anaondoka. Mwaka 1970 Winston Royce, mtaalamu wa programu wa Marekani, alichora hatua hizo zikifuatana kutoka mahitaji hadi uendeshaji. Mchoro wake ulienea kila mahali. Onyo lake, kwamba kuzifuata hatua hizo moja kwa moja bila kurudi nyuma ni hatari, lilisahaulika kwa urahisi wa kushangaza.

Kwa nini matangazo ya kazi yana majina mengi namna hii?

Kwa sababu kila mwajiri anajitungia. Kuna mchambuzi wa biashara, mchambuzi wa mifumo, mchambuzi wa data, developa, mhandisi wa programu, na hata "mchambuzi-mprogramu" anayefanya yote kwa mshahara mmoja.

Kama unataka mahali pa kushika, Shirika la Kazi Duniani lina orodha yake ya uainishaji wa kazi, ISCO-08. Humo wachambuzi wa mifumo wana namba 2511, watengenezaji wa programu 2512, na waprogramu wa programu-tumizi 2514. Wako kundi moja lakini kila mmoja ana chumba chake. Mchambuzi wa biashara yuko karibu zaidi na taratibu za kazi, sera na gharama. Mchambuzi wa mifumo yuko karibu zaidi na mifumo yenyewe, jinsi inavyobadilishana data na kinachovunjika ukigusa sehemu moja. Mchambuzi wa data ni jambo lingine: yeye anatafuta majibu ndani ya data iliyokwisha kukusanywa, na mara nyingi hajengi mfumo wowote. Jina lisikudanganye.

Ukisoma tangazo, ruka cheo nenda kwenye vitenzi. "Kukusanya mahitaji, kuongoza vikao, kuandika taratibu" ni uchambuzi. "Kuandika, kupima, kurekebisha, kuendesha" ni uprogramu. Ukikuta vyote vimejaa nusu kwa nusu, waulize kwenye usaili nani mwingine yuko kwenye timu. Jibu likiwa "ni wewe tu", umeshajua.

Mchambuzi lazima ajue kuprogramu?

Kuandika programu kamili, hapana. Kusoma data, ndiyo, na hapo sibembelezi. Mchambuzi asiyeweza kuandika swali la SQL, lugha ya kuchota data iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, anaishi kwa kuamini anachoambiwa. Meneja atamwambia kila mteja ana tarehe ya kuzaliwa kwenye kanzidata, naye ataandika hivyo. Ukifungua jedwali lenyewe unaweza kukuta mamia ya wateja waliozaliwa siku moja, 1 Januari 1900, kwa sababu fomu ilikataa kuendelea bila tarehe na karani mwenye foleni mbele yake akaweka yoyote. Kanuni ya punguzo la wazee ikijengwa juu ya tarehe hizo, utakuwa na wazee wengi kuliko unavyodhani.

Zaidi ya SQL, inasaidia kujua API (njia ya mifumo kuzungumza yenyewe kwa yenyewe) ni nini na ujumbe unaotoka mfumo mmoja kwenda mwingine unafananaje. Si lazima uuandike. Uweze tu kuusoma na kusema: "Hapa sioni sehemu ya namba ya risiti."

Mimi napenda kompyuta, sipendi watu. Niwe mprogramu?

Utaandika msimbo, ndiyo, lakini watu hutawakwepa. Msimbo wako utapitiwa na mwenzako atakayeuliza kwa nini umefanya hivi na si vile, na utapaswa kujibu kwa ustaarabu. Sehemu kubwa ya siku ya mprogramu inaishia kwenye kusoma msimbo wa watu wengine, wakiwemo walioacha kazi zamani bila maelezo, na kwenye kusoma kumbukumbu za seva akitafuta kilichotokea usiku. Tofauti ni kwamba watu utakaoshughulika nao wengi ni wa fani yako. Mchambuzi yeye kutwa nzima yuko na watu wasiojali kompyuta hata kidogo: mhasibu, karani wa mapokezi, mwanasheria, mkurugenzi mwenye dakika kumi tu.

Kila mmoja anatoa nini mkononi?

Mprogramu anatoa msimbo uliohifadhiwa kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, au mwingine kama huo, pamoja na majaribio yanayojiendesha na maelezo ya kuuweka kazini. Mchambuzi anatoa michoro ya taratibu (BPMN kwa mtiririko wa kazi, UML kwa mifumo), maelezo ya mahitaji, kamusi ya data, na masharti ambayo kazi ikiyatimiza itapokelewa. Katika yote hayo, ninachokithamini zaidi ni kamusi ya data, na ndiyo inayoandikwa kwa uvivu kuliko vyote. Idara mbili zinaweza kutumia neno "mteja hai" miaka na miaka, moja ikimaanisha aliyenunua mwaka huu na nyingine ikimaanisha ambaye akaunti yake haijafungwa, na ripoti zao zisilingane hata mara moja.

Kwenye Scrum, utaratibu wa timu kujenga programu kwa vipindi vifupi, sioni cheo cha mchambuzi. Kazi yake imekwenda wapi?

Imegawanywa. Mwongozo wa Scrum unataja majukumu matatu tu: mwenye bidhaa, msimamizi wa Scrum, na watengenezaji. Tangu watu 17 walipotia saini tamko la Agile, la kujenga programu kwa wepesi, mwaka 2001, mkazo umekuwa kwenye vipande vidogo vya kazi na mazungumzo ya mara kwa mara, badala ya waraka mmoja wa kurasa mia.

Maswali ya tiketi na nauli hayakufutika. Kuna atakayeyauliza: mwenye bidhaa akiwa na muda, mprogramu akiwa na subira, au mchambuzi ambaye kampuni imemweka kwenye timu chini ya jina la "mtengenezaji". Wasipoyauliza wao, atayauliza abiria.

Mfumo ukikosea, mnajuaje ni kosa la nani?

Mnaanza kwa kusoma kilichoandikwa. Chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mars, kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza, wakati programu iliyozipokea ilitarajia vipimo vya metriki. Namba zilipishana takriban mara 4.45, na chombo kikapita chini mno. Sasa, mahitaji yalikuwa yameandikwa: vipimo viwe vya metriki. Kwa kipimo changu cha mwanzo, kosa ni la uprogramu.

Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Majaribio hayakuigundua tofauti hiyo, na dalili zilizoonekana safarini hazikufuatiliwa ipasavyo. Sharti likishaandikwa, ni lazima awepo mtu wa kuhakikisha kuwa limejaribiwa, na mchambuzi anayedhani kazi yake inaisha waraka ukishasainiwa ameacha nusu yake mezani.

Kosa la upande wa pili halina kishindo hivyo. Mfumo unafanya kazi, hakuna hitilafu, na wafanyakazi wanaendelea kujaza daftari pembeni kwa sababu mfumo hauna mahali pa kuandika jambo wanalolihitaji kila siku. Ukiona daftari kando ya kompyuta, kuna uchambuzi ulioruka hatua.

Nani analipwa zaidi?

Inategemea soko, uzoefu na sekta, na pengo kati ya mwajiri mmoja na mwingine huwa kubwa kuliko pengo kati ya vyeo hivi viwili. Usichague kwa kigezo hicho.

Akili unde (AI) itamaliza kazi ipi kwanza?

Kinachopungua ni kazi ya kupokea maelezo yaliyokamilika na kuyageuza msimbo, basi. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani huwatenga waprogramu wa aina hiyo na watengenezaji wa programu wanaosanifu pia. Katika makadirio yake ya 2023 hadi 2033, waprogramu walitarajiwa kupungua kwa takriban asilimia 10, wachambuzi wa mifumo kuongezeka kwa takriban asilimia 11, na watengenezaji, wakihesabiwa pamoja na wapimaji, kuongezeka kwa takriban asilimia 17.

Akili unde inaandika msimbo haraka kutokana na maelezo. Ukiipa sentensi ya meneja kama ilivyo, itakuletea programu nzuri inayorudisha nauli kwa "mapema" iliyojichagulia yenyewe, na haitakupigia simu kuuliza. Kwa hiyo mprogramu anahitaji jicho kali zaidi la kusoma msimbo asiouandika, na mchambuzi hawezi tena kuficha sentensi legelege akitumaini mprogramu ataikaza. Mchambuzi anayenakili maneno ya kikao tu na kuyapanga vizuri naye yuko hatarini, kwa sababu kupanga maneno ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa mashine hizi.

Sikusomea kompyuta. Njia ipi iko wazi zaidi kwangu?

Uchambuzi, hasa kama unaijua kazi fulani kwa undani. Muuguzi aliyekaa wodini miaka mingi anajua kuhusu mfumo wa hospitali mambo ambayo mhitimu wa kompyuta atahitaji muda mrefu kuyaona. IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iliyoanzishwa mwaka 2003, inatoa cheti cha ECBA kwa wanaoanza bila uzoefu. Kile cha juu, CBAP, kinataka saa 7,500 za kazi ya uchambuzi ndani ya miaka 10. Vyeti hivi husaidia bahasha yako ifunguliwe. Kwenye usaili wataweka mbele yako sentensi kama ile ya tiketi na kusubiri waone utauliza nini.

Kwa uprogramu hakuna cheti kimoja kinachotambulika hivyo. Wanaoajiri wanataka kuona kitu ulichokijenga, kinachofanya kazi, na wewe uwe na uwezo wa kueleza kila mstari.

Naweza kuhama upande mmoja kwenda mwingine?

Ndiyo, na mprogramu anayehamia uchambuzi ana njia fupi zaidi. Shida yake ni moja: mteja hajamaliza sentensi, yeye ameshaanza kuchora majedwali kichwani, na swali linaloharibu mchoro hataki kuliuliza. Anayetoka uchambuzi kwenda uprogramu ajiandae kwa miezi mingi ya kuwa mgeni. Kuelewa msimbo ukielezwa na kuuandika wewe ukurasa ukiwa mtupu ni vitu viwili.

Sisi ni timu ndogo na tuna nafasi moja. Tuajiri yupi?

Ajirini mprogramu anayeuliza maswali. Wakati wa usaili mpeni kazi ndogo yenye pengo la makusudi, kwa mfano orodha ya likizo za wafanyakazi bila kusema siku za mapumziko zihesabiwe au la. Anayeanza kuandika papo hapo mwacheni aendelee, kisha mtazame alichoamua na kama amewaambia. Mkishafikia hatua ambapo waprogramu wenu wanakaa vikaoni zaidi ya nusu ya wiki, nafasi inayofuata iwe ya mchambuzi.